Maneno Matatu na Kijiko cha Memsabu

Binti aliyeniletea daftari alinikuta nachambua mchele hapa nyumbani Sinza, siku ya Alhamisi, mchana, muziki wa baa ya jirani ukigonga ukuta kama kawaida yake. Alivua viatu mlangoni akasema, "Shikamoo bibi. Wewe ndiye Mwanahamisi wa Kinondoni?" Nikamjibu, "Marahaba. Wa Kinondoni nilikuwa, mwanangu, siku hizo Kinondoni mikorosho ni mingi kuliko watu." Hakucheka. Alikaa mkekani, akaweka mfuko wa nailoni mapajani, akasema anaitwa Felista, mtoto wa Lukas aliyekuwa mpishi wa Wazungu, na kwamba baba yake wamemzika Temeke Jumamosi iliyopita. Neno lililonichoma lilikuwa Temeke. Mie miaka yote nilijua Lukas karudi kwao kusini, na kama kafa basi kafia huko, kumbe mwisho wa maisha yake alikuwa kwa binti yake, mji huu huu, mahali ambapo ningeweza kwenda asubuhi nikarudi kabla ya adhuhuri. Felista alitoa daftari lenye jalada la bluu lililogeuka rangi ya majivu. Jina langu lilikuwa juu yake kwa mwandiko wangu wa ujana, ule wa herufi zilizolala kama majani ya mpunga baada ya upepo. "Alikuwa halitupi," alisema. "Nimeuliza Kinondoni nyumba kwa nyumba mpaka nimekupata."

Nimekuwa nikiandika shajara tangu mwaka wa daftari lile hadi leo, na zimejaa sanduku zima, lakini siziamini sana, wala mwenyewe sijiamini. Shule niliishia darasa la nne. Mtu wa darasa la nne akikumbuka jambo la zaidi ya miaka hamsini, haki ni aseme mapema kwamba huenda kapunguza hapa na kaongeza pale. Ya ukoo wangu, na namna nilivyofika kupanga chumba peke yangu nikiwa na miaka ishirini, nayaruka. Hao wazee wamelala na hawana kosa lolote katika jambo hili. Kosa ni langu, na lilikuwa la sentensi kumi.

Nyumba ilikuwa ya Bi Mgeni, ya udongo na fito, paa la makuti, vyumba vitatu kila upande na ukumbi katikati uliotoka barazani mpaka uani. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi wa maji, sanduku, na mto wa sufi niliouvisha foronya niliyoitarizi mwenyewe. Lukas alikaa mlango wa mbele yangu. Alikuwa Mmwera, Mkristo, mtu wa miaka thelathini na kitu, mke na watoto wako kwao, mrefu, anapiga pasi nguo zake hata za kulalia. Alikuwa akiondoka na baiskeli kabla ya jua kwenda kupika kwenye nyumba ya Mzungu mmoja ufukweni, anarudi saa nane mchana memsabu akilala, na saa kumi na moja anaondoka tena kwenda kupika chakula cha jioni. Nguo zake zilinukia siagi na vitunguu. Pale nyumbani hakugusa chungu. Alikula kwa Bi Mgeni pamoja nasi, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na Bi Mgeni hakumwacha ale kwa amani. "Mpishi mzima," alimwambia, "unawalisha Wazungu na sie unatugeuzia mgongo. Au unaona haya kupikia watu wenye meno?" Lukas alijibu taratibu, akimenya samaki kwa vidole kama mtu anayefungua barua, "Bi Mgeni, kule napika kwa mkono. Hapa nakula kwa moyo."

Siku moja alikuja na bakuli lililofunikwa leso. Alisema kaambiwa achukue, na mie sina sababu ya kusema vinginevyo, ila naandika kwamba ni yeye aliyesema. Ndani mlikuwa na kitu chekundu, kinang'aa, unaona upande wa pili. Lukas alitikisa bakuli kidogo, kitu kikatetemeka. Bi Mgeni alivuta kanga yake mpaka shingoni. "Kiko hai hicho." Lukas alimwambia ni sukari na maji tu, yameganda. "Maji yagande kwa joto hili? Nyie Wamwera mtatuletea jini ndani ya nyumba." Mwishowe alionja kwa ncha ya ulimi, akaonja tena, akasema, "Limetoweka. Nimelimeza au limekimbia?" Nimekula vingi baada ya hapo, lakini nikitaka kukumbuka jinsi dunia ilivyokuwa kubwa mwaka ule, nakumbuka kitu chekundu kikitetemeka ukumbini na sisi watatu tumekizunguka, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza.

Mie nilichokitaka ni kazi kwenye zahanati ya wazazi. Nilisikia bombani, wanawake wakipanga ndoo, kwamba wanatafutwa wasaidizi wa wakunga, wanawake wa mjini wanaojua kusoma, na sharti ni moja: uweze kuandika kwa Kiingereza kwamba mtoto kazaliwa wapi, siku gani, saa ngapi. Nilirudi na ndoo kichwani nikiyasema maneno hayo matatu, wapi, siku gani, saa ngapi, kama mtu aliyetumwa dukani. Nilipomwambia Bi Mgeni, alisema, "Mtoto huzaliwa alipozaliwa, na saa yake Mungu anaijua. Wanamwandikia nani?" Lukas alikuwa anafuta baiskeli. Hakuinua kichwa. "In, on, at," alisema. "Hayo matatu tu, dada Mwana. Ukiyaweza hayo, unaweza kumweka mtu yeyote mahali popote, saa yoyote."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Tulikaa ukumbini, milango yote wazi kwa heshima, Bi Mgeni katikati yetu anasuka ukili wa mikeka, mlinzi wa adabu na mkosoaji wa Kiingereza asichokijua. Lukas aliweka kiberiti juu ya kinu akaniuliza kiko wapi. Akakitia ndani ya kinu, akaniuliza tena. Akakipeleka mlangoni. Nikawa nakosea, nikawa naona aibu, nikasema lugha hii si ya watu kama mie. Hapo ndipo aliposema jambo ambalo mpaka leo likinijia huwa naacha ninachokifanya. "Wewe unasemaje, sokoni kuna watu au mna watu?" Nikasema kuna. "Na chunguni?" Chunguni mna nyama. "Na hapa mlangoni?" Hapa pana kiberiti. "Nani alikufundisha kutenga ku na mu na pa?" Nikafikiri. Hakuna aliyenifundisha. "Basi unazo tatu zako tangu unanyonya," alisema. "Za Mwingereza hazilingani na hizo sawasawa, usijidanganye, lakini usiniambie huwezi." Nilimtazama Bi Mgeni, naye alikuwa ameacha kusuka. Alisema polepole, "Chunguni mna. Mlangoni pana. Ehee," kama mtu aliyekuta hela kwenye kanga ya zamani. Nilijiona nimeishi miaka ishirini ndani ya nyumba yenye vyumba ambavyo sikuwahi kujua ni vyumba.

Saa zilitutesa zaidi. Bi Mgeni hakukubali kamwe kwamba jua likiwa pale, saa nne asubuhi, Mzungu aseme ni saa kumi. "Saa kumi asubuhi kaipata wapi? Amelala mpaka imeharibika?" Na siku ndiyo zaidi, maana kwa Bi Mgeni Ijumaa inaanza Alhamisi jua likizama, na kwa Lukas inaanza katikati ya usiku wakati kila mtu amelala na hakuna wa kuipokea. Nilizoea kugeuza kichwani, saa ya kwetu na saa yao, kama unavyogeuza chapati. Na kwa mazoezi Lukas alitunga mtindo wake, aliouita safari ya kitu. Unachagua kitu kimoja, au mtu, unamsafirisha katika sentensi kumi: siku gani, saa ngapi, ndani ya nini, juu ya nini. Si lazima iwe kweli. Alilisisitiza hilo: ukingoja iwe kweli utaandika sentensi mbili kwa wiki. Kwa hiyo tulimweka ng'ombe kabatini Jumanne. Tulimweka Bi Mgeni juu ya paa saa sita mchana, na alipotafsiriwa alidai apewe mwavuli. Na siku moja, kwa wazo lake Bi Mgeni na kwa mkono wangu mie, memsabu wa Lukas aliwekwa ndani ya sufuria siku ya Jumatatu, na chini ya kitanda pamoja na kuku siku ya Jumatano. Tulicheka mpaka Bi Mgeni akaomba tuache, mbavu zinamuuma. Kila siku niliandika sentensi zangu kumi, Lukas akachukua daftari kazini kusahihisha akingoja maji yachemke, akalirudisha mchana limejaa wino mwekundu.

Wino huo mwekundu nauandika hapa kwa sababu ya haki. Wiki ile ya kijiko alikuwa kanipa alama ya kosa saba kati ya kumi, na mie nilikuwa nimenuna. Tukila, hakucheka hata mzaha wa Bi Mgeni. Mwishowe alisema vijiko vya fedha vya memsabu, dazeni moja, vyenye ua kwenye mkia, sasa vimekuwa kumi na moja. Kahesabu mara nne. Memsabu hajajua. Alisema vijiko vile vililetwa na mama yake memsabu, kila kimoja kinalala kwenye kitanda chake ndani ya sanduku lenye kitambaa cha zambarau, na kitanda kimoja sasa kitupu. Bi Mgeni alisema, "Kitaonekana. Kijiko hakina miguu." Na mie, kwa sababu ya kununa kwangu, au kwa sababu ya ujinga, au kwa sababu nilitaka acheke, nimejiuliza mara nyingi na sijapata jibu la kuaminika, usiku huo nilimchokoza. Niliandika safari ya kijiko. Ijumaa saa tatu kijiko kiko mfukoni mwa Lukas. Saa nne kiko kwenye baiskeli. Saa tano kiko nyumbani kwa Bi Mgeni, ndani ya mtungi. Jumamosi asubuhi kiko chini ya mto wa Mwanahamisi. Sentensi kumi, in na on na at zote mahali pake. Zilikuwa nzuri. Nikikumbuka sasa, ndiyo mara ya kwanza niliandika Kiingereza bila kosa hata moja, na nililala nikiwa na furaha hiyo.

Lukas alilichukua daftari asubuhi bila kulifungua. Nadhani aliliweka kwenye meza ya jikoni, kalamu yake nyekundu katikati ya ukurasa, akatoka kuchota mkaa. Memsabu aliingia. Siku hiyo hiyo alikuwa kafungua sanduku la vijiko.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, niko uani nafua, niliposikia Bi Mgeni akisema ukumbini, "Karibuni, lakini viatu." Waliingia askari wawili na viatu vyao. Mmoja alikuwa na karatasi ambayo memsabu alinakili kutoka daftarini, akaisoma kimoyomoyo, midomo ikitembea. Akauliza mtungi uko wapi. Hakuuliza kijiko, aliuliza mtungi. Nilimwonyesha. Alikunja mkono wa shati akauzamisha mpaka kiwiko, akaukoroga mtungi wangu wa maji ya kunywa, hakupata kitu. Akatazama karatasi. Akaja kitandani kwangu moja kwa moja, pasipo kutazama sanduku, pasipo kutazama kapu, akainua mto. Sitaki kusema niliogopa tu, maana kuogopa nakujua, na hili lilikuwa kubwa kuliko hilo. Nilikuwa namtazama mtu mzima, mwenye kofia na mkanda, akitembea ndani ya chumba changu kwa kufuata sentensi zangu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayefuata njia aliyochorewa. Nilichokiandika nimekaa na kibatari changu kilikuwa kimepata miguu na mikono. Aliipasua foronya yangu, sufi ikamwagika, ikaruka ikamkaa kwenye masharubu. Hakupata kitu. Bi Mgeni alimuuliza, "Na Lukas wangu yuko wapi?" Akasema yuko ndani. "Ndani ya nini?" Ndani, mama, mahabusu. Kasema eti ni mazoezi. "Mazoezi ya wizi," alisema yule mwingine, wakacheka kidogo, wakaondoka.

Tulikaa tukiokota sufi. Bi Mgeni alisema, "Utakwenda wapi, usiende popote. Jina lako limo humo. Ukienda watakuweka na wewe." Nikasema kurasa za nyuma zinaonyesha ni mchezo, ng'ombe kabatini, yeye mwenyewe juu ya paa. "Na yule memsabu chunguni? Akimwona ataona mzaha au matusi?" Hilo lilinikalisha. Nilielewa hapo kwa nini Lukas, mwenye kurasa thelathini za kumtetea, hakumwomba mtu yeyote azifungue. Zingemtoa yeye na kunitia mie. Alikuwa kasema neno mazoezi akanyamaza. Jumatatu angepelekwa mahakamani, na mpishi aliyepelekwa mahakamani kwa kijiko cha fedha hakuna nyumba itakayompokea tena, hata asiposhtakiwa hadi mwisho. Sitajipamba: usiku ule niliamua kutokwenda, na Jumapili asubuhi niliamua hivyo tena. Kilichoniinua ni jambo dogo. Bi Mgeni alipakua chakula cha mchana akaweka sahani tatu, akaitazama ya tatu, akaisukuma mbele yangu akasema, "Kula na ya kwake basi, wewe uliyempeleka." Sikula hata yangu. Nilivaa kanga zangu za Idi nikatoka.

Ile nyumba ilikuwa na ua wa maua na mtu wa bustani, mzee wa Kizaramo, ambaye aliniuliza nani kanituma. Nikasema nimejituma. Alinitazama akanionyesha mlango wa jikoni. Niliingia mahali ambapo nilikuwa nimeshapaandika mara mia bila kupaona: meza, kabati, jiko, rafu ya sahani. Kila kitu kilikuwa mahali pake, kama Lukas alivyonifundisha, na mie nilisimama katikati nimeduwaa kama mtu aliyeingia kwenye kitabu. Memsabu alikuja. Nilitegemea mwanamke mkubwa. Alikuwa mwembamba, kijana kidogo kuliko Lukas, macho mekundu. Alinisemesha kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Wewe nani? Taka nini?" Nikafungua mdomo, Kiingereza chote kikatoweka kama kile kitu chekundu cha kwenye bakuli.

Palikuwa na kikombe mezani. Nilikinyooshea kidole nikasema kwa Kiingereza, kikombe kiko juu ya paa. Alikunja uso. Akanisahihisha, kwa Kiingereza, polepole kama anavyosemeshwa mtoto: kikombe kiko juu ya meza. Nikasema ndiyo, juu ya meza. Nikasema, kikombe kiko ndani ya baiskeli. Akasema hapana. Nikasema, Jumanne saa mbili ng'ombe yuko ndani ya kabati. Hapo aliacha kunisahihisha. Nikasema, kitabu, tafadhali, nyuma, nyuma, nikionyesha kwa mkono kufungua kurasa. Alitoka akarudi na daftari langu. Sijui kwa nini hakuwa kafungua kurasa za nyuma tangu mwanzo. Huenda mtu akishakiona anachokitafuta haendelei kutafuta. Nami nimefanya hivyo mara nyingi, si la kumlaumu yeye peke yake. Alisoma amesimama. Alimsoma ng'ombe. Alimsoma Bi Mgeni na paa lake. Kisha nikaona shingo yake inageuka nyekundu kutoka chini kwenda juu, nikajua kajifikia mwenyewe. Alisoma sufuria, akasoma kitanda na kuku. Nilisikia mtu wa bustani akifagia nje, fagio likienda likirudi. Bila kuinua macho, aliuliza kwa Kiswahili, "Nani nipika mimi?" Nikasema, "Mie." Mkono ulikuwa wangu, ingawa wazo halikuwa langu, na nimeona haja ya kulieleza hilo leo kwa kuwa wenyewe wote wamekwenda.

Alichukua penseli kwenye mfuko wa gauni. Nilidhani anaandika jina langu. Aliinama juu ya meza, akakata neno moja dogo, akaandika jingine juu yake, akanigeuzia daftari nione. Sentensi ya kuku ilikuwa na kosa ambalo hata Lukas hakuliona. Hakutabasamu, naandika hivyo kwa sababu nimewahi kuisimulia hadithi hii nikisema alitabasamu, na si kweli. Alisema niende nyumbani. Jioni ile aliandika barua, na Jumatatu asubuhi Lukas alikuja kwa miguu, baiskeli imebaki kule, shati halijapigwa pasi. Bi Mgeni alimshika kichwa kwa mikono miwili kama anapima tikiti. "Umekula?" Akasema bado. "Basi kaa."

Kazi hakurudishiwa. Memsabu alimpa barua ya sifa, ndefu, nzuri, pamoja na daftari langu, ambalo Lukas alinirudishia, akasema hawezi tena kukaa na mpishi na huku anahesabu vijiko. Kijiko hakikuonekana, wala sijui kilikwenda wapi. Felista aliniuliza Alhamisi ile kwa sauti ya chini, "Bibi, baba alikichukua?" Nilimjibu nilivyokuwa tayari kumjibu mtu yeyote miaka yote hii: sijui, sikuwepo. Najua hakukipitisha kwenye mtungi wangu, najua hakukiweka chini ya mto wangu. Mie ndiye niliyemweka huko, yeye na kijiko, kwa maneno matatu madogo kama punje za ulezi. Alikaa nasi wiki tatu akitafuta kazi, tukila bila mizaha mingi. Mazoezi hatukuendelea. Siku ya kupanda lori la kusini aliniomba daftari. Nilimpa kwa haraka, maana sikutaka kuliona, na sikumwomba radhi. Nilidhani nitaandika barua. Nilikuwa bado natafuta maneno, na miaka ikapita.

Zahanati walinichukua mwaka uliofuata. Nimeandika watoto zaidi ya nywele zilizobaki kichwani mwangu, kila mmoja kitanda gani, siku gani, saa ngapi, na sijawahi kuandika saa ambayo sikuitazama ukutani kwa macho yangu. Wenzangu walinicheka, walisema Mwanahamisi anaandika mtoto kama askari anaandika mwizi. Hawakujua nimemwona askari kweli akiinua mto. Na jioni nikirudi nilikuwa naandika shajara, ya kweli tu, hata ikiwa fupi: leo nimekula nini, nani kasema nini. Sentensi mbili kwa wiki, kama alivyosema, lakini za kweli.

Felista alikuwa anataka kuondoka, anawahi watoto Temeke. Nikafungua daftari mbele yake kwa mara ya kwanza. Wino mwekundu ulikuwa umegeuka kahawia. Nilipita ng'ombe, nikapita paa, nikaona neno dogo la penseli juu ya kuku. Ukurasa wa kijiko haukuwa na alama yoyote, hakuwahi kuusahihisha. Nikageuza. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sentensi moja, si kwa mwandiko wangu, herufi zimenyooka kama nguo zake za kulalia. On Sunday at four o'clock Mwanahamisi is in the kitchen of Memsabu. Jumapili, saa kumi, Mwanahamisi yumo jikoni kwa memsabu. Kwa Kiingereza tulikuwa hatujafika kwenye wakati uliopita. Kila kitu tulikiandika kipo sasa hivi, na hivyo bado nimo.

Sikuwa na saa mkononi siku ile. Sikujua mpaka leo ilikuwa saa ngapi, na kwenye shajara yangu ya kwanza nimeandika tu, mchana. Lukas alikuwa mahabusu, hakuniona. Nilimuuliza Felista baba yake aliijuaje saa kumi. Alifikiri. "Alikuwaga anasema," alijibu, "siku aliyofuata baiskeli yake kule alimuuliza yule mzee wa bustani, akamwambia, yule dada mwenye kanga za Idi aliingia saa ngapi? Mzee akasema saa ya ukutani kwa memsabu ilikuwa imegonga mara nne. Baba alisema ilibidi aulize, kwa sababu hiyo moja alitaka iwe kweli."

Mchele ulikuwa bado kwenye ungo. Nilimwomba kalamu. Alitafuta kwenye mkoba, akanipa, yenye wino wa bluu, nikainama juu ya ile sentensi.

"Unaandika nini, bibi?"

"Siandiki," nikamwambia. "Nasahihisha." Nikaweka alama ya vema.